Sura ya Sita: Kompyuta Badala ya Amplifaya

Gita la umeme lisipochomekwa popote hutoa sauti hafifu ya nyuzi tu, kwa sababu mwili wake ni ubao mzito usio na uwazi wa kuikuza sauti. Anayejifunza kwa gita kavu la namna hiyo huzoea kugonga nyuzi kwa nguvu ili ajisikie. Siku akichomeka kwenye amplifaya ya bendi, anakuta mkono wake wa kulia ni mzito, kila noti inalipuka, na nyuzi alizodhani amezinyamazisha zinavuma chini kwa chini. Gita kavu linavifundisha vidole mahali pa kwenda, lakini haliufundishi mkono kutoa sauti.

Kwa miaka mingi, mwanamuziki wetu wa dansi aliipata amplifaya kazini. Nchini Tanzania, NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ilikuwa ya jeshi la polisi, Vijana Jazz ilikuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi na wapigaji walikuwa waajiriwa. Bendi za watu binafsi nazo zilikuwa na mwenye vyombo, na mwenye vyombo ndiye aliyeamua nani ashike gita na kwa muda gani. Kijana asiye na nafasi kwenye bendi alijifunza kwa kusikiliza redio na kukaa pembeni ya ukumbi wakati wa mazoezi, akisubiri mkubwa mmoja apumzike.

Leo kijana huyo anaweza kuwa amepanga chumba kimoja Tandika, Dar es Salaam, au Kayole, Nairobi, ana gita la mtumba na laptopu aliyonunua kwa ajili ya masomo. Amplifaya hana, na hata angekuwa nayo, ukuta wa jirani uko kiganjani. Laptopu ile inaweza kufanya kazi ya amplifaya, tena vizuri, bila kumwamsha mtu. Wengi hujaribu siku moja, wakakuta sauti imefifia au inachelewa, wakaiacha kwa kudhani tatizo ni uduni wa kompyuta. Mara nyingi kompyuta haina kosa. Sura hii ina hoja moja: kompyuta inakuwa chombo halisi cha mazoezi pale inapokurudishia sauti yako papo hapo na bila kuipamba. Ukishaupata upesi na ukweli huo, mengine yote ni nyongeza.

Mlango wa kuingilia

Chini ya nyuzi za gita kuna pikapu: sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya ule. Ni sehemu ndogo tu ya volti moja, na una udhaifu wake: kifaa kinachoupokea kikiuvuta sana, sauti za juu ndizo zinazopotea kwanza. Kwa sababu hiyo tundu la gita kwenye amplifaya hutengenezwa kwa ukinzani mkubwa, kwa kawaida ohm milioni 1, ili lipokee umeme ule bila kuuvuta.

Tundu la maikrofoni la laptopu lilitengenezwa kwa kazi nyingine. Ukinzani wake ni maelfu machache ya ohm, na lenyewe hutoa volti kidogo za kuendeshea maikrofoni ya hedifoni. Ukitafuta kiunganishi cha kutoka jeki kubwa ya gita ya milimita 6.35 hadi jeki ndogo ya milimita 3.5, ukachomeka humo, gita litasikika, ila ni kana kwamba spika imefunikwa blanketi. Ule mlio mkali wa uzi mwembamba, ambao ndio roho ya gita la solo katika rumba na dansi, haupo tena. Hakuna programu itakayourudisha, maana umepotea kabla haujaingia ndani ya kompyuta.

Dawa yake ni kadi ya sauti ya nje, kisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye USB na chenye tundu lililokusudiwa gita. Tundu hilo huandikwa INST au Hi-Z, au huwa na swichi yenye maandishi hayo pembeni. Scarlett Solo ya Focusrite na UM2 ya Behringer ni mifano inayojulikana, na zote mbili hupatikana hata zikiwa zimetumika. Unapochunguza kadi ya mtumba dukani, angalia hilo tundu kabla ya jambo jingine lolote. Kadi yenye tundu la maikrofoni peke yake itakurudisha kwenye shida ileile ya laptopu.

Kama kadi bado iko nje ya uwezo wako, ipo njia ya kati. Pedali nyingi za kampuni ya Boss huendelea kuupokea na kuuimarisha umeme wa gita hata zikiwa zimezimwa kwa mguu, mradi zina betri au adapta. Chomeka gita kwenye pedali, kisha pedali kwenye kompyuta. Pedali ndiyo itakayobeba mzigo wa kulisikiliza gita, na sauti nyingi za juu zitaokoka.

Baada ya kuchomeka, weka kiwango. Fungua kinobu cha sauti cha gita hadi mwisho, gonga nyuzi zote sita kwa nguvu ya juu kabisa utakayowahi kuitumia, kisha ongeza au punguza kinobu cha kadi hadi taa iwe ya kijani na isiguse nyekundu hata mara moja. Amplifaya ya valvu ikizidiwa hukwaruza kwa namna inayopendeza, na wapigaji wengi wameitafuta sauti hiyo makusudi. Kompyuta ikizidiwa hukata tu kilele cha wimbi, na mkwaruzo wake ni mchungu. Bakiza nafasi. Kadi nyingi za kisasa hurekodi kwa biti 24, kwa hiyo sauti ya chini kidogo haipotezi ubora.

Wanaotumia tundu la laptopu lenyewe wana kazi moja zaidi. Katika mipangilio ya maikrofoni, zima kila kinachodai kusafisha sauti au kupunguza kelele. Programu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya mikutano, na zinaihesabu noti ndefu ya gita kuwa kelele ya feni. Utapiga noti, utaisikia inaanza vizuri, halafu itamezwa.

Muda ndio mwalimu

Hapa ndipo wengi hukwama. Kompyuta haishughulikii sauti kama inavyotiririka. Inaipima mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, inavikusanya vipimo hivyo katika fungu, inalishughulikia fungu zima kwa mkupuo, kisha inalitoa. Fungu hilo mafundi huliita bafa. Bafa ya vipimo 128, kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 2.7. Sauti hungoja fungu lijae wakati wa kuingia na hungoja tena wakati wa kutoka, kwa hiyo ni zaidi ya milisekunde 5. Kadi yenyewe na USB huongeza chache nyingine. Jumla hukaa karibu na milisekunde 10.

Milisekunde 10 ni muda mdogo. Hewani, sauti husafiri takriban mita 3 na nusu kwa muda huo. Mpigaji aliyesimama hatua chache mbele ya amplifaya yake jukwaani huisikia kwa uchelewaji huohuo na wala halalamiki. Bafa ikiwa 1,024, hesabu inabadilika: milisekunde 21 kuingia na 21 kutoka, zaidi ya 42 kwa jumla kabla ya kuongeza mengineyo.

Ipeleke hesabu hiyo kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya rumba ambamo magita hutawala. Kwa mwendo wa mapigo 130 kwa dakika, mpiga solo anayegawa kila pigo mara nne ana milisekunde 115 hivi kati ya noti na noti. Sauti ikichelewa kwa 42, kila noti inamfikia pale ambapo zaidi ya theluthi ya nafasi imekwisha kupita. Mkono utajaribu kujirekebisha. Utaanza kuwahi ili sauti ifike kwa wakati, na baada ya wiki kadhaa utakuwa umejifundisha kuwahi. Ukipanda jukwaani, utamkimbia mpiga drams bila kujua kwa nini. Afadhali gita kavu kuliko mazoezi ya namna hii, maana gita kavu halikudanganyi kuhusu wakati.

Kuna jaribio rahisi lisilohitaji kifaa. Vaa hedifoni sikio moja, jingine liache wazi. Laza mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote zinyamaze, kisha gonga kwa piki mara moja, kavu. Sikio lililo wazi litasikia mlio mdogo wa piki kutoka kwenye nyuzi zenyewe, na sikio la hedifoni litasikia mlio uliopita kwenye kompyuta. Ukisikia mlio mmoja, uko salama. Ukisikia miwili inayofuatana, usianze mazoezi, rekebisha kwanza.

Marekebisho yanategemea mfumo wa kompyuta. Kwenye Windows, njia ya kawaida ya sauti hupita kwenye ngazi nyingi na huchelewa. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitengeneza ASIO, njia ya mkato inayoiunganisha programu ya muziki na kadi moja kwa moja, na kadi nzuri huja na draiva yake ya ASIO. Isiyo nayo inaweza kusaidiwa na ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Kwenye Mac, mfumo wa Core Audio huifanya kazi hiyo bila kusakinisha chochote. Kwenye Linux ipo JACK, na siku hizi PipeWire.

Kisha shusha bafa hatua kwa hatua: 512, 256, 128. Kompyuta ikianza kutoa milio ya kukatikakatika, imeshindwa kulimaliza fungu kwa wakati, basi rudi juu hatua moja. Funga kivinjari, zima usasishaji wa mfumo, ondoa intaneti kwa muda wa mazoezi. Kompyuta ya zamani iliyofungiwa kila kitu isipokuwa gita hufanya vizuri kuliko mpya iliyojaa madirisha.

Jambo la mwisho kuhusu muda, na halina mjadala: hedifoni za Bluetooth hazifai kwa kazi hii. Kwa kawaida huongeza zaidi ya milisekunde 100, karibu noti nzima ya sebene yetu. Tumia za waya.

Rangi ya sauti

Kupiga gita kwa hedifoni bila amplifaya ya kawaida kulianza kabla ya kompyuta za nyumbani kuweza kazi hiyo. Mwaka 1982 Tom Scholz, mhandisi na mpiga gita wa kundi la Boston la Marekani, alitoa Rockman, kisanduku cha kuvaa mkandani kilichotoa sauti ya gita iliyokamilika masikioni. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ilitoa POD, kifaa kilichoiga amplifaya mbalimbali kwa hesabu za kidijitali. Kompyuta ilifuata njia hiyohiyo: mwaka 2004 Native Instruments ya Berlin ilitoa Guitar Rig, na mwaka huohuo Apple ilitoa GarageBand, ambayo leo ina amplifaya za gita ndani yake bila malipo.

Kwa anayeanza, za bure zinatosha kabisa. Mwenye Mac anayo GarageBand. Mwenye Linux atumie Guitarix. Kwenye Windows, Guitar Rig na AmpliTube zina matoleo ya bure yenye amplifaya chache. Ipo pia Neural Amp Modeler, programu huria iliyoanzishwa na Steven Atkinson, inayojifunza tabia ya amplifaya halisi kutokana na rekodi zake, na watu wengi duniani hugawana bure amplifaya walizozirekodi kwa njia hiyo.

Zote hizo hukukaribisha kwa sauti za kunguruma zenye mwangwi mkubwa. Ziruke. Mkwaruzo na mwangwi huficha makosa: noti mbili zisizolingana nguvu huonekana sawa, na uzi usionyamazishwa vizuri hupotea ndani ya ukungu. Muziki wetu wa dansi na rumba, tangu enzi za Franco na Dokta Nico, wapiga gita wa Kongo, umejengwa juu ya gita safi linalosikika kila noti. Chagua amplifaya safi, besi ipunguze kidogo, weka pikapu ya karibu na daraja. Zaidi ya hapo ongeza kompresa kidogo ya kusawazisha nguvu za noti na, ukitaka, korasi kidogo. Mwangwi uwe wa kuonja. Ukipiga vizuri katika usafi huo, utapiga vizuri kwenye chombo chochote.

Hedifoni na sabufa

Spika ya amplifaya ya gita si spika ya kawaida. Huwa na upana wa inchi 10 au 12, na juu ya hezi 5,000 hivi sauti yake hushuka kwa kasi. Upungufu huo ndio unaolipa gita la umeme mlio wake uliozoeleka. Hedifoni na sabufa ya sebuleni hutoa sauti zote mpaka juu kabisa, kwa hiyo gita lisilopitishwa kwenye spika ya kuigiza husikika likichoma kama limetobolewa. Hakikisha sehemu ya programu inayoiga kabati la spika imewashwa. Siku ukiipeleka laptopu mazoezini na kuiunganisha kwenye amplifaya halisi ya gita, izime, la sivyo sauti itapita kwenye spika mbili na kuwa nzito isiyo wazi.

Sabufa inafaa mchana, ikiwa utaipunguza besi yake. Watengenezaji huipandisha besi ili muziki wa redio usikike mnene, na gita likipita humo hupata uvimbe usio wake. Maikrofoni ya laptopu nayo ifungwe, ama sivyo itaidaka sauti ya sabufa na kuirudisha ndani hadi ipige mluzi.

Usiku ni wa hedifoni. Anza na sauti ya chini kabisa, ipandishe mpaka uusikie uzi mwembamba ukiguswa kidogo, uishie hapo. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, ulizidisha. Mpiga gita hana spea ya masikio.

Mivumo na usalama

Umeme wetu wa nyumbani hubadilika mara 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja huudaka kutoka kwenye transfoma, taa na skrini. Geuza mwili wako taratibu huku umeshika gita, utapata upande ambao mvumo unapungua sana. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, alilishughulikia tatizo hili mwaka 1955 kwa kuunganisha koili mbili zinazopingana, mvumo ukajifuta wenyewe. Gita lenye pikapu za aina hiyo hukusumbua kidogo.

Chaja ya laptopu ina mlio wake mwembamba wa juu. Ichomoe ufanye mazoezi kwa betri, na mara nyingi mlio unakwisha hapohapo. Hata umeme ukikatika mtaani, mazoezi yanaendelea, jambo ambalo amplifaya ya ukutani hailiwezi.

Ila usipuuze dalili moja. Nyuzi za gita zimeunganishwa na ethi ya vifaa vyako. Ukihisi umeme ukikutekenya vidoleni unapozishika, chomoa kila kitu na umwite fundi umeme aikague ethi ya nyumba. Usiendelee kupiga ukidhani ni kawaida.

Bendi ya mtu mmoja

Mpaka hapa kompyuta imelingana na amplifaya. Kuna mahali inaishinda, na hapo ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Muziki wa gita wa Kongo na Afrika Mashariki ni mazungumzo ya magita kadhaa. Rizimu hushikilia mzunguko, mi-solo hujaza kati, solo huimba juu, besi huyafunga yote. Ukiipiga solo peke yake chumbani, unajifunza nusu ya sentensi. Washa metronomu ndani ya programu, rekodi rizimu kwa dakika 2 bila kukatiza, kisha sikiliza bila gita mkononi. Utasikia ukweli: mahali ulipokimbia, akordi uliyoichelewesha wakati wa kubadilisha, mpigo uliopotea nguvu. Futa, rekodi tena. Wengi wanataka kwenda haraka kwenye solo, lakini mtu asiyeweza kuishika rizimu yake mwenyewe kwa dakika 2 hataweza kuipanda ya mwenzake.

Rizimu ikitulia, iweke ijirudie, upige mi-solo juu yake. Irekodi nayo. Ndipo uje kwenye solo. Kwa kuwa magita yote matatu ni ya mkono wako, hakuna wa kumlaumu. Solo ikisikika imebanwa, pengine mi-solo imejaza mno, na utajifunza kuacha nafasi. Somo la kuachiana nafasi vijana wa zamani walilipata kwa kukemewa na kiongozi wa bendi mazoezini. Wewe unaweza kulipata kwa kusikiliza.

Kwa kunakili mapigo ya wakubwa, tumia Audacity. Haifai kuwa amplifaya, lakini ina uwezo wa kupunguza mwendo wa rekodi bila kushusha sauti zake. Chukua mzunguko mmoja wa mpiga gita Mbaraka Mwinshehe, uushushe hadi nusu ya mwendo, ujirudie. Piga pamoja nao mpaka mikono yako na yake ianguke mahali pamoja, kisha panda kidogo kidogo hadi mwendo kamili. Usipande kabla ya kupata usahihi, kwa maana vidole hukariri makosa kwa uaminifu uleule vinaotumia kukariri mazuri.

Ukiwa na fedha kidogo, nunua kwa mpangilio huu: kebo nzuri fupi na hedifoni za waya, kisha kadi ya sauti yenye tundu la gita. Programu za bure zinatosha mwaka mzima. Na kila Jumamosi, rekodi kipande kilekile kwa mwendo uleule, ukiandike tarehe. Baada ya miezi michache fungua cha kwanza na cha mwisho, uvisikilize kwa kufuatana. Hilo ndilo jibu la swali kama mazoezi yako yanazaa, na ukilipata jibu zuri, nenda ukatafute bendi.